Taa Ile Ilikuwa Bado Inawaka

Wifi yangu Mwanahawa,

Kwanza usinicheke. Najua ungeniona nimekaa hapa mkekani na kalamu na kaunta buku, mimi Tatu niliyekuwa nikikuringia kwamba nikishaijua kompyuta sishiki kalamu tena, ungeangua kicheko chako kile cha kuwafanya majirani wachungulie. Haya, cheka ukimaliza unisikilize. Nina jambo, na nisipoliandika leo nitalimeza tena. Nimelimeza mara nyingi, limenikaa hapa kooni kama mwiba wa samaki ngogo.

Nianze na habari za nyumbani maana ungeziuliza. Mama yako mguu umepoa, anatembea mpaka kisimani na anarudi akilalamika kuliko alivyokwenda. Kaka yako ameoa tena, na huyo mke mpya naye wameshaanza kurushiana vyombo, lakini hayo mimi yananihusu nini. Daraja la mto limefunguliwa. Siku hizi mtu akienda Utete halali tena Ndundu akisubiri pantoni na mbu wakimla. Nguzo za umeme zimeletwa, zimelazwa kando ya barabara, tunaambiwa subirini, na sisi tunasubiri. Simu za mkononi nazo zimefika. Ukitaka kusikika unapanda kile kichuguu karibu na shule unapiga kelele, na mji mzima unajua shida zako. Ofisi yetu ya kuchapa hapa Kibiti ipo. Kompyuta yako nimeifunika kwa kanga yako ya bluu, sikuwa na moyo wa kuiwasha. Nimeiwasha mwezi uliopita tu, na hilo ndilo linaloniandikisha.

Wifi, nimekudhulumu. Nimelisema. Sasa niache nieleze taratibu, maana nikienda mbio nitajitetea, najijua.

Unakumbuka ulivyorudi? Shirika lenu kule Dar lilipouzwa mkapunguzwa kazi, wenzako wote walirudi na mashine za kusaga na majora ya vitambaa. Wewe ukashuka kwenye lori la mkaa lililokuwa linarudi tupu, vumbi jeusi mpaka kwenye kope, umekumbatia boksi kama umebeba mtoto. Watu wakauliza, mashine hiyo inasaga nini? Ukawajibu, inasaga maneno. Nilikuona umechanganyikiwa. Tena ulinikuta na mimi nina yangu, talaka haijakauka wino, watoto watatu, nimejikunja kwa wazazi wangu Mahege sitaki kuonana na mtu. Ukaja. Mama yangu akadhani umekuja kunisuta kwa niaba ya kaka yako. Ukasema mbele yake, "Aliyekuacha ni kaka yangu, mimi sijakuacha. Vaa twende kazini." Nikavaa. Hivi nilikushukuru hata siku moja? Sikumbuki. Nakumbuka nilikuambia tu kwamba buibui lako lina mkaa.

Ulinifundisha kama anayefundisha mtoto kula, kidogo kidogo, bila kunikaripia. Andika, sevu. Andika, sevu. Nilipokuwa naogopa kubonyeza ulikuwa unanibonyezea kidole changu kwa kidole chako.

Na lile sharti letu la msikiti. Ofisi ilipakana ukuta na msikiti, na jenereta yetu ilikuwa nyuma, inanguruma chini ya dirisha la kibla. Wazee wakaja kwa upole wakasema, binti zetu, kazi ni kazi, lakini adhana isikike. Wewe ukawapa ahadi kubwa kuliko waliyoomba. Ukawaambia kipaza sauti kikianza kukoroma tu, kabla muadhini hajatamka, jenereta itakuwa imenyamaza. Tukaifanya kuwa sheria. Betri ya gari kule msikitini ikiunganishwa kipaza sauti kinakwaruza, kwaru, kwaru, basi wewe unabonyeza kusevu, kioo kinasema tayari, unapiga kelele "Nimesevu, zima!" na mimi nimeshafika uani, mkono uko kwenye swichi, nakata. Hatukuizima kompyuta kwa utaratibu wake, ule wa kusubiri mpaka iseme yenyewe sasa unaweza kuzima. Kwa kusubiri huko muadhini angekuwa amefika katikati. Na tulijivunia, wifi! Mwaka mzima takbira ya kwanza haikutukuta na kelele. Wazee walikuwa wanatutolea mfano, wanawake wale wawili wanaheshimu adhana kuliko wanaume wenye redio. Nilikuwa natembea kifua mbele.

Kisha ikaja ile habari ya mwekezaji wa kufuga kamba kule delta. Walipotangaza kwamba kila mwenye shamba la mpunga Mbuchi lazima ajulikane, limeanzia mkondo gani, limeishia mkoko upi, amerithi kwa nani na shahidi ni nani, na orodha ipelekwe Utete, kamati yao ilikuja kwako. Wangeweza kuandika kwenye daftari kule kule. Lakini walikuwa wameshaona mafuriko yanavyofanya daftari, nawe uliwaambia kompyuta haisahau. Wakaja kwa mitumbwi, kisha kwa miguu, kisha kwa baiskeli, wiki mbili nzima, wazee na vikongwe, wanakaa kwenye kile kibao wanakutamkia mipaka ya mababu na wewe unaandika moja kwa moja, hakuna karatasi. Utepe wa printa ulikuwa umeagizwa Dar haujafika. Disketi zilikuwa zimeota ukungu, unakumbuka ulivyozianika juani kama dagaa. Kila kitu kilikuwa mle ndani ya mashine tu.

Wa mwisho alikuwa Mzee Abdala, kaka yake Bi Mwanaharusi wa Mbuchi. Ilikuwa Ijumaa. Yule mzee peke yake ndiye aliyebaki mwenye kuijua mipaka ya ng'ambo yote ya mto, mashamba ya ukoo wao, na alikuwa anataja mkondo kwa mkondo huku amefumba macho. Hukutaka kumkatiza. Alipomaliza akatoka kwenda kutia udhu, na hapo hapo kipaza sauti kikakwaruza. Ukabonyeza. Ukasema, "Nimesevu, zi..." Hukumaliza. Mimi nilikuwa nimeshakata. Nilikuwa hodari siku ile kuliko siku zote, wifi, maana ilikuwa Ijumaa na msikiti umejaa, nilitaka wasikie jinsi tunavyonyamaza haraka.

Baada ya sala tukawasha. Faili likawa halina kitu. Jina lipo, ndani mweupe. Ukafungua, ukafunga, ukafungua. Uliniangalia kwa macho ambayo sijayaona tena kwa mtu. Ukasema, "Tatu, wallahi nimesevu. Na taa ilikuwa bado inawaka ulipozima."

Nami nikakujibu. Nikakujibu hivi, na naandika kama nilivyosema: "Wee Mwanahawa, usinitafutie mimi sababu. Ulisema nimesevu, nikazima. Taa ndiyo nini? Umesahau, sema umesahau."

Niliogopa, huo ndio ukweli. Nilidhani unanisukumia. Nilikuwa mwanamke aliyeachwa, mgeni kazini, na katibu wa kamati alikuwa na mdomo mpana. Niliona kabisa atakavyosema, huyu ndiye aliyezima, afukuzwe. Kwa hiyo alipofika jioni ile kuulizia orodha, wewe ukiwa ndani umeinamia kompyuta, mimi nikamwahi mlangoni. Nikamwambia, "Wifi amesahau kusevu." Maneno matatu. Akatikisa kichwa, akapanda baiskeli yake.

Hukujua kwamba nilimwambia. Au ulijua? Hilo nalo sitalipata.

Wiki iliyofuata ukanunua kaunta buku, ukavua viatu, ukaenda Mbuchi. Ukazunguka dungu kwa dungu, vile vibanda vya miguu mirefu mashambani, mtu anaamia ndege kule juu na wewe umesimama chini kwenye tope unaandika, unamwomba aseme upya aliyokwisha kuyasema. Wengine walikutukana. Ulirudi miguu imetoboka. Ulipata yote isipokuwa ya ng'ambo, maana Mzee Abdala alikuwa amefariki siku sita kabla hujafika. Mashamba ya ukoo wa Bi Mwanaharusi yakapelekwa Utete bila mipaka, bila shahidi, na mpaka leo yanaandikwa kuwa ni eneo lenye utata. Wakakupa jina. Bi Sahau. Ukipita sokoni siku ya gulio wanawake wa delta wanaulizana kwa sauti, Bi Sahau leo kasahau nini? Wewe unacheka nao. Mimi niko pembeni nanunua nyanya, natazama nyanya. Nilijua jina limetoka mdomoni mwangu, hivyo ndivyo nilivyoamini, na nikajiambia, lakini si ni kweli alisahau? Mtu mzima akisahau akiri. Hivyo ndivyo nilivyokuwa najipoza.

Ukaacha kwenda harusini. Ukaacha hata kuimba ukiandika.

Ulipougua sikudhani ni safari. Nilikuletea uji asubuhi ile, ule uliotiwa tui na pilipili manga kidogo kama upendavyo, ukanywa vijiko viwili. Ukanishika kanga. Ukaniuliza, "Tatu, bado hujaniamini?" Na mimi, Mungu anisamehe, nikasema, "Hayo yameshapita wifi, pumzika."

Ala! Lile lilikuwa jibu? Mtu anakuuliza swali moja, amebakiza pumzi za kuhesabu, nawe unampa usingizi! Ungeniuliza kama naamini kwamba jua linachomoza, ningekujibu hivyo? Ulifumba macho. Alasiri hukuwepo. Nimekuosha kwa mikono yangu hii, mimi na mama yako na shangazi, na muda wote nilikuwa nasikia lile swali.

Sasa sikia. Shule ya sekondari wameletewa kompyuta, wakataka mtu wa kuziangalia, wakanichagua mimi kwa kuwa nilikuwa mwanafunzi wako. Wakanipeleka kozi Dar wiki tatu. Mwalimu wetu alikuwa mama mfupi mwenye sauti ya mnadi. Siku ya nne akauliza darasa, mkibonyeza kusevu, maneno yanakwenda wapi? Nikajibu mbele ya wote, kwenye diski. Akasema, hapana mama, bado.

Akaeleza, nami niliandika kila neno. Ukibonyeza kusevu huongei na diski. Unaongea na mfumo wa uendeshaji, yaani ile programu kuu inayoamka kwanza ukiwasha kompyuta na kuzipangia kazi nyingine zote. Na diski ni kitu kizito, sahani zinazunguka, mkono unakwenda na kurudi, ukilinganisha na umeme ni kobe. Mfumo hautaki kukuchelewesha. Unayachukua maneno yako unayaweka kwanza kwenye kumbukumbu ya umeme, pahali wanapopaita kache, halafu papo hapo unakujibu, tayari. Wewe unaendelea na yako. Mzigo ukiwa mwingi kidogo, au sekunde kadhaa zikipita, ndipo mfumo unaushusha wote diskini kwa mkupuo. Umeme ukikatika kabla haujashusha, kilichokuwa kwenye kache kimepotea, na kioo kilikwishasema tayari.

Nikanyoosha mkono, nikauliza, na ile taa ndogo nyekundu ya mbele? Mama yule akasema, taa ikiwaka ujue diski inaandika. Ikiwaka baada ya kuambiwa tayari, ndiyo mzigo unashuka. Hapo usiguse umeme hata nyumba ikiungua.

Wifi, nilitoka nje. Kuna bomba kwenye ua wa chuo kile, nikafungua maji nikajifanya nanawa uso. Nililia mpaka mlinzi akaniuliza kama nimefiwa. Nikamwambia ndiyo. Akanipa pole, akauliza lini, nikafunga bomba.

Nilirudi darasani nikataka kujua yote. Nikauliza, sawa, maneno ya siku ile yalikuwa kwenye kache, lakini ya wiki mbili nyuma, yaliyokwisha kushuka zamani, yalikwendaje? Akasema programu ya kuandikia haiongezi mstari mmoja mwishoni kama sisi kwenye daftari. Inaandika faili zima upya, inafuta la zamani, na mwanzoni mwa diski kuna orodha inayosema faili gani liko wapi, nayo inabadilishwa. Ukikata katikati, la zamani limeshafutwa kwenye orodha, jipya liko njiani. Ndiyo maana jina lilikuwepo na ndani mweupe. Akaongeza kwamba hata diski yenyewe inaweza kuwa na kakumbukumbu kake kadogo ndani, nayo huujibu mfumo nimepokea, kabla haijaandika kwenye sahani. Kwa hiyo mfumo uliotengenezwa vizuri una amri ya pili, kali. Unaiambia diski, shusha vyote ulivyonavyo na usinijibu mpaka viwe vimefika. Na tunapozima kompyuta kwa utaratibu, ule utaratibu mimi na wewe tuliouita kupoteza muda, hiyo ndiyo kazi inayofanyika pale. Inashusha, inasubiri jibu, ndipo inatuambia sasa mnaweza.

Nikawaza kwa lugha yetu. Mpunga ukishaukata ukaulundika chini ya dungu, mtu akipita akakuuliza utasema nimevuna, na hujasema uongo. Lakini haujafika ghalani. Mto ukijaa usiku huo, utamwambia nini? Wewe ulivuna, wifi. Mimi ndiye niliyefungulia maji.

Niliporudi Kibiti sikupita hata nyumbani. Nilikwenda ofisini, nikaondoa kanga, nikapuliza vumbi, nikawasha jenereta. Nikaandika jina lako. Nikabonyeza. Kioo kikasema tayari, na taa imezimika kabisa, kimya. Nikahesabu. Moja, mbili, tatu, nne. Ikawaka. Ikapepesa mara mbili tatu, kule ndani kukakwaruza kidogo, ikazimika. Nikarudia mara kumi. Nilikaa mle ndani nikaandika jina lako mara kumi na kila mara taa ilichelewa, na mimi mwaka mzima nilikuwa nyuma ya ukuta nakata umeme, sijawahi kuitazama hata siku moja. Tulivyokuwa tukiponea siku nyingine ni kwa sababu wewe ulikuwa unasevu mapema ukiona saa imekaribia, na mwisho unabonyeza tena kwa kujihakikishia tu. Ijumaa ile ulimwachia mzee amalize, hukusevu kabla.

Basi nikaenda Mbuchi. Sikumwambia mtu. Nilimkuta Bi Mwanaharusi ukumbini kwake anapepeta mchele, amezeeka, macho yana ukungu, lakini masikio, Mungu ampe afya, anasikia panya akipiga miayo. Nikaamkia shikamoo, akaitika. Nikakaa. Nikaanza kumweleza kama ninavyokueleza wewe, dungu na ghala, kache na diski, nikamwambia bibi, yule mliyemwita Bi Sahau hakusahau. Alisevu. Mashine ilisema tayari kabla haijawa tayari.

Hakuacha kupepeta. Akasema, "Mbona mwenyewe aliniambia alisahau?"

Nikadhani hakunielewa. Akaendelea, ungo unapanda unashuka, akasema ulikuja pale siku ya sita tu baada ya maziko ya kaka yake, ukakaa pale pale nilipokaa mimi, ukamwambia bibi nisamehe, nilisahau. Na yeye alikuwa amesikia kijuujuu kwamba kuna mtu alizima jenereta, akakuuliza ni nani. Akanisomea jibu lako kama ulilitamka jana: "Nilizima mwenyewe, bibi. Nilikuwa peke yangu. Tatu alikuwa kisimani."

Kisimani, Mwanahawa?

Kwangu mimi ulikataa katakata. Uliniapia kwa jina la Mungu kwamba umesevu, hukurudi nyuma hata unyayo, mpaka kitandani ulikuwa bado unaniuliza. Halafu ukaenda kwa watu wenye uchungu, watu waliozika, ukajitwika la kusahau na ukajitwika na mkono wangu juu yake. Kwa nini hukuniambia? Ungeniambia ningekuwa nimekufa kwa aibu, lakini ningekuwa nimekujibu. Au ndiyo hiyo sababu? Uliona nina watoto watatu na jina lenyewe limeshachafuka kwa talaka, ukaona lako linaweza kubeba zaidi. Nakasirika nikifikiri. Ndiyo, nakukasirikia, hata sasa hivi. Ulinifunika mimi hali nilikuwa nakuvua nguo mlangoni mbele ya katibu.

Nikamwambia Bi Mwanaharusi yote. Kwamba nilikuwepo. Kwamba mkono ni wangu. Kwamba nilimwahi katibu. Ndipo akaweka ungo chini. Nikafikiri atanifukuza, na angekuwa na haki. Akasema, "Wanawake wazima wawili, mnafanya kazi chumba kimoja, mmeshindwa kuambiana?" Kisha akauliza, "Jina lake hasa nani?"

Wifi, alikuwa halijui. Miaka yote ile alikuwa anakulaani kwa jina la kupachikwa. Nikamwambia, Mwanahawa binti Omari. Akalirudia taratibu, akanyanyua viganja, akakusomea Fatiha. Mimi nilishindwa kuisoma mpaka mwisho. Nililia pale ukumbini kwake na yeye hakunibembeleza, akaniacha nilie.

Shamba halikurudi, nisikudanganye. Mipaka aliyoijua Mzee Abdala amekwenda nayo. Lakini Bi Mwanaharusi amesema kama kamati itasikia kwamba ushahidi ulitolewa na ukapotea kwa mkono wa mtu anayejulikana, si kwamba haukuwahi kutolewa, basi wataweza kuomba usikilizwe upya, na mimi niliyemsikia mzee akitaja nusu yake niseme ninayoyakumbuka. Nimeyaandika. Mkondo wa kwanza mpaka wa tano nayakumbuka vizuri, wa sita nina shaka, nimeandika kwamba nina shaka.

Kamati inakaa Ijumaa hii Mbuchi, baada ya sala. Katibu ni yule yule. Nitasimama mbele ya wanaume wale na kilemba changu. Watanicheka na kutakuwa na jina jipya, na wanangu watalisikia sokoni. Na walisikie. Sitasema mashine ndiyo iliyokosa, ingawa ninaweza kuwaeleza kache na diski mpaka jua lizame. Mashine haikumfuata katibu mlangoni.

Uliniuliza swali na sikukujibu. Nakuamini, Mwanahawa. Ulisevu. Nimechelewa kulisema, limefika nawe huko umeshalala, lakini nimelisema.

Lala kwa amani, wifi yangu, Mungu akupanulie kaburi lako. Ijumaa, atakapouliza mtu ni nani aliyezima jenereta siku ile, sitamwacha amalize swali. Nitamjibu ni mimi.

Wako,
Tatu